Fildi nimekaa stoo miezi miwili: binti fundi umeme ana nafasi kweli kwenye sekta ya nishati?

Swali limetoka kwa binti wa Singida, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo dada Injinia. Nina miaka 22, nimemaliza VETA ufundi umeme levo ya 3, darasani tulikuwa wavulana 31 na wasichana 4. Fildi nilipelekwa kwa mkandarasi anayejenga laini za vijijini, miezi miwili nimekaa stoo naandika rejista na kutumwa chai, wenzangu wa kiume walikuwa wanatoka na gari kila siku. Sasa nina mwaka mzima niko nyumbani. Mjomba anasema umeme sio kazi ya mwanamke, nitafute mtaji nifungue saluni, ila huyo huyo mjomba ndo aliniita nikamtengenezee soketi na mpaka leo hajanilipa, na friji yao bado inapiga shoti. Kwenye redio kila siku nasikia usawa wa kijinsia sekta ya nishati. Dada niambie ukweli, hiyo nafasi ipo au ni maneno ya semina? Na kama ipo nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu, na pole na stoo. Nimecheka hapo kwenye maneno ya semina kwa sababu hizo semina na mimi huwa naalikwa, nakaa meza ya mbele na chupa ya maji na kitambulisho shingoni, tunapiga picha ya pamoja tunatawanyika, na wiki inayofuata binti kama wewe yuko stoo anahesabu vikombe vya laini, vile vinavyoshika waya juu ya nguzo, na boksi za boliti.

Nafasi ipo. Ipo kuliko wakati wangu, tena mbali sana. Ila haigawiwi pale watu wengi wanapodhani. Ukisikiliza redio utasikia wanahesabu wanawake wangapi wameajiriwa, wangapi wamehitimu, wangapi wako kwenye bodi, na ni vizuri wahesabu, ila mimi siku hizi nahesabu kitu kimoja tu: asubuhi gari likiwashwa kwenda saiti, nani kapanda na nani kabaki. Hapo ndo fundi anapotengenezwa au anapokufa akiwa bado na cheti mkononi.

Nikupe yangu kidogo. Mwaka wangu wa kwanza kazini, ofisi siitaji, nilikuwa na digrii yangu ya umeme na overoli ya mwanaume niliyoikunja mikono mara tatu na buti namba 43 zenye soksi mbili ndani. Bosi wangu hakuwa mtu mbaya kabisa, alinipenda kama binti yake, na hilo ndo lilikuwa tatizo lenyewe maana alikuwa hataki niungue jua. "We una mwandiko mzuri, andaa ripoti." Nikaandaa ripoti miezi saba. Ripoti za kazi ambazo sijaziona, transfoma ambazo sijazigusa, naandika "fyuzi ilibadilishwa" sijui hata hiyo fyuzi inakaa upande gani wa nguzo. Wenzangu niliomaliza nao chuo walishaanza kuongea lugha nisiyoielewa. Hakuna aliyeninyanyasa, hakuna aliyenitukana, na bado nilikuwa naachwa kila siku kilomita moja moja.

Kilichonitoa hapo ni fundi mmoja mtu mzima, hana digrii wala diploma. Siku moja imeingia emajensi usiku, mimi nilikuwa bado ofisini, nikapanda gari bila kuitwa. Yule mzee hakusema kitu njiani. Tulipofika, laini ikazimwa, ikapimwa kuhakikisha haina moto, alafu akanipa klampu za athi, zile zinazounganisha laini na ardhi, akaniambia leo unafunga wewe, usipokaza vizuri na mtu akairudisha laini kwa bahati mbaya nakufa mimi, sio wewe. Akanisimamia mpaka nimekaza, akakagua, akapanda. Nimehudhuria mafunzo mengi sana baada ya hapo lakini sijawahi kuaminiwa vile. Kuanzia siku ile jina langu likaanza kuandikwa kwenye ratiba ya zamu, na wala sio bosi aliyeliweka, ni yule mzee.

Sasa ukitazama juu utaona mambo yamebadilika kweli. Hapa kwetu wizara ya nishati imeshakuwa na naibu waziri mwanamke, Subira Mgalu, na baadaye Judith Kapinga. Kenya, Rebecca Miano aliiongoza KenGen kuanzia 2017 mpaka 2022, na hiyo ndo kampuni yenye mabwawa makubwa ya umeme kule na visima vya mvuke vya Olkaria. Uganda walikuwa na Irene Muloni, mhandisi wa umeme, akawa waziri wa nishati toka 2011 mpaka 2019. Kwa hiyo mtu akikwambia mwanamke hawezi kuongoza umeme huyo hasomi magazeti. Shida ni katikati na chini. Shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, mwaka 2019 walitoa ripoti wakasema wanawake ni 32% ya wafanyakazi wa nishati jadidifu duniani, wakati kwenye mafuta na gesi ni 22%. Watu wakaishia hapo wakapiga makofi. Ila ukiifungua ndani unakuta zile kazi za utawala wanawake ni 45%, zile za kisayansi na kiufundi zinashuka mpaka 28%. Unaona? Hata kwenye sola, hata kule nje kwa wazungu, binti anaingizwa getini alafu anapelekwa stoo. Stoo yako ya Singida ina matawi dunia nzima.

Na kwa nini naipigia kelele sana hiyo stoo. Kwa sababu kwenye fani yetu cheti ni nusu. Hapa Tanzania kufanya wayaring na kuisaini kihalali lazima uwe na leseni ya EWURA, ile mamlaka inayosimamia nishati na maji, zipo madaraja, kuna W, kuna D, C, B mpaka A, kadiri unavyopanda ndo unaruhusiwa kazi kubwa zaidi, na unaomba onlaini kwenye mfumo wao. Unaomba kwa cheti na uzoefu. Uzoefu maana yake kazi ulizofanya kwa mikono yako na mtu mwenye leseni anayeweza kusema ndio nilimuona. Sasa mvulana uliyekaa naye dawati moja, ametoka fildi na miezi miwili ya nguzo, waya, mita na wateja, na namba za simu za mafundi watano. Wewe umetoka na miezi miwili ya rejista. Mkilingana vyeti, hamlingani tena. Miaka mitatu baadaye yeye ana leseni anatafuta msaidizi, wewe unatafuta saluni, na mtu akifanya takwimu ataandika "wanawake hawapendi kazi za ufundi".

Ndo maana siafiki ile hoja ya nguvu, mjomba lazima ameitumia. Nguzo haibebwi na mtu mmoja, hata mwanaume. Zile za mbao zinazotoka Mufindi zinabebwa na genge, za zege ndo kabisa zinasimamishwa na kreni. Kupanda nguzo ni mbinu, mkanda mzuri na kutokuwa na haraka, nimewaona wasichana wembamba wanapanda kuliko wavulana wenye vifua maana hawana haja ya kumuonyesha mtu. Na kazi nyingi ya umeme haiko juu ya nguzo hata kidogo, iko kwenye ubao wa mita, kwenye dari lenye popo, kwenye kukagua, kusoma mchoro, kutafuta hitilafu ambayo inakuja na kuondoka. Hiyo inataka kichwa na uvumilivu. Kinachowashinda wanawake kwenye saiti mara nyingi sio nguzo, ni choo. Nasema kweli. Saiti za vijijini hakuna choo, wanaume wanazunguka nyuma ya mti, wewe unaacha kunywa maji toka asubuhi juani mpaka jioni unaumwa kichwa, alafu wanasema huyu dhaifu. Mkandarasi yeyote anayesema anajali jinsia mimi swali langu la kwanza huwa ni hilo, choo kiko wapi na overoli za saizi ndogo ziko wapi. Wengi hukohoa.

Kuna jingine zito zaidi, na sijui kama ni sehemu ya yaliyokukuta maana hukusema. Kuna wasimamizi ambao kiti cha kwenye gari wanakiuza, na bei yake sio hela. Likikukuta ujue hiyo ina jina kwenye sheria, rushwa ya ngono, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kifungu cha 25, na TAKUKURU namba yao ya bure ni 113. Tunza meseji, usifute kwa hasira. Na chuo chako kilichokupeleka fildi kina wajibu pia, mwalimu wa fildi ukimwambia mapema anaweza kukuhamisha sehemu, wengi mnanyamaza mpaka fomu isainiwe mkiogopa kufelishwa.

Nikiwa hapo hapo kwenye sheria, maana ukiajiriwa utaambiwa habari ya "tukikuajiri utabeba mimba". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mtu kwa jinsia, kwa ndoa au kwa ujauzito. Likizo ya uzazi ni siku 84 kwa malipo, mapacha siku 100. Ukirudi una haki ya mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha. Na zamu za usiku, mjamzito halazimishwi ndani ya miezi miwili kabla ya kujifungua. Uzuri wake ni kwamba hapo pamewekwa mipaka: miezi miwili. Nasema hivyo kwa sababu nimeona mabosi wanamtoa binti zamu ya usiku toka siku ya kwanza ya ajira, hana mimba wala mchumba, eti wanamlinda, na usiku ndo kuna hitilafu za kufundisha na ndo kuna posho. Ukitolewa zamu kwa wema, umetolewa kwenye uzoefu na kwenye hela kwa mpigo mmoja.

Haya, kazi ziko wapi. Hapa nina habari njema kwako kuliko unavyodhani. Miaka yote tulikuwa tunalia umeme hautoshi, sasa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limekamilika, mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla 2,115. Ile ya kwanza iliwashwa mwanzoni mwa 2024. Kwa hiyo kazi kubwa ya nchi imehama, toka kuzalisha kuja kufikisha. REA, wakala wa nishati vijijini, wameshafika vijiji vyote 12,318, ila kufika kijijini maana yake nguzo zimepita barabarani na shule na zahanati zimewaka, nyumba nyingi bado giza, sasa wanashuka kwenye vitongoji ambavyo ni zaidi ya 64,000. Kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000, watu wanaijua hiyo. Ambacho hawaambiwi vizuri ni kwamba kabla ya 27,000 nyumba lazima iwe na wayaring, na hiyo ndo inayomkwamisha mama mwenye vyumba viwili na koridoo, inaweza kumgharimu mara kumi ya hiyo hela. Kuna kile kibao kidogo cha UMETA, Umeme Tayari, kwa nyumba ambazo hazijafanyiwa wayaring, lakini mtu akishawasha taa mbili atataka soketi ya friji. Nani atamfungia? Fundi wa kitongojini. Hapo ndo soko lako, liko kilomita chache kutoka ulipokaa mwaka mzima.

Tena kwenye soko hilo kuwa mwanamke ni mtaji. Mchana vijijini nyumbani yuko mama. Mume yuko shambani, mnadani, au yuko Dar. Fundi wa kiume akifika, mama hajisikii huru kumuingiza chumbani akapande darini, anamwambia rudi Jumapili baba akiwepo, na Jumapili baba hayupo. Huku Pwani na Zanzibar ndo kabisa, nimewahi kuona nyumba tatu za mtaa mmoja zinamsubiri fundi wa kike mmoja wiki mbili nzima wakati wa kiume wamejaa kijiweni. Na mama ndo anayejua soketi ikae wapi, jiko likae wapi, taa ya nje iwake upande gani usiku akitoka. Fundi wa kiume anaongea na mwenye nyumba kwa simu anaweka soketi nyuma ya kabati.

Sola nayo, hapa naomba usikilize kwa makini maana ndo sehemu wanayowapeleka mabinti wengi. Kuna mambo ya kujivunia. Zanzibar pale Kinyasini, kaskazini Unguja, kuna chuo cha Barefoot, wazo limetoka India kijiji cha Tilonia, wanachukua akina mama wa vijijini, wengine hawajui kusoma, wanawafundisha kwa rangi na kwa mikono kufunga na kutengeneza mitambo ya sola, wanarudi kijijini kwao ndo mafundi. Nimekaa na baadhi ya hao mama, mtu hajui kuandika jina lake lakini anashika kile chuma cha kulehemu risasi anakwambia hii kapasita imekufa, na imekufa kweli. Heshima zao. Na kuna Solar Sister, wako Tanzania na Nigeria, hao wanawawezesha wanawake kuuza taa za sola na majiko banifu, wamewatoa wengi.

Lakini tofautisha. Kuuza taa ni biashara, nzuri tu, ila sio ufundi, na wewe una levo ya 3. Kampuni nyingi za sola za mkopo wa kulipia kwa simu zitakuita "ajenti", utalipwa kamisheni, hakuna mshahara, hakuna bima, ukiumwa umeumwa, na kwenye ripoti yao kwa wafadhili wewe utahesabiwa kama mwanamke mmoja aliyepata ajira kwenye nishati. Ukienda huko uliza swali moja kabla ya kusaini: nitafunga mitambo au nitauza? Wakisema utauza kwanza alafu tutaona, hiyo ni stoo ya pili mdogo wangu, ina jua tu.

La kupikia sitalimaliza hapa, ni mada peke yake. Kwa kifupi, serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo ni 80% ya Watanzania wawe wametoka kwenye kuni na mkaa ikifika 2034, na Mei 2024 Rais Samia alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris ambao uliahidi dola bilioni 2.2 kwa Afrika. Wengi wanaona hapo mitungi ya gesi tu. Mimi naona jiko la umeme la kupikia maharage linalochomekwa kwenye soketi iliyofungwa kwa waya wa taa wa milimita 1.5, siku moja inanuka moto. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimekatazwa kuni na mkaa, baadhi ya hizo zinaweka majiko makubwa ya umeme, na jiko kubwa linataka laini yake, breka yake, waya mnene wake. Mpishi wa shule ni mwanamke. Fundi aliyekuja kufunga nani?

Hela ya kuanzia. Halmashauri zina ile mikopo ya 10% isiyo na riba, 4% wanawake, 4% vijana, 2% wenye ulemavu. We una miaka 22, unaingia milango miwili ya kwanza. Inatolewa kwa kikundi, kwa hiyo watafute wale wenzako watatu wa darasani, kama nao wako nyumbani kama wewe, na ongezeni mwingine. Ukiandika andiko usiandike "mradi wa kuinua wanawake", kamati wameyasoma hayo mia moja, andika kwamba mnataka mega (kile kipimo cha kuona kama umeme unavuja), multimita mbili, ngazi, drili na nauli, kila kimoja na bei yake, na vitongoji mnavyolenga. Baadaye mkikua kuna ule utaratibu kwenye sheria ya manunuzi ya umma ambapo 30% ya manunuzi ya taasisi inatengwa kwa makundi maalum, wanawake wamo, mnajisajili kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao. Onyo: wapo wanaume wenye kampuni wanatafuta mabinti wa kuweka majina kwenye kikundi ili wapate tenda, mnapewa laki mbili mnasaini, deni na lawama vinabaki kwenu. Jina lako usimkopeshe mtu.

Ukitaka kuendelea na shule usikurupukie digrii kwa sababu mjomba anadharau ufundi. Chuo cha Ufundi Arusha wana kituo chao cha Kikuletwa, wilaya ya Hai, ni cha nishati jadidifu na kina mtambo wa maji hapo hapo, mwanafunzi anaugusa, hiyo kwangu ina thamani kuliko madarasa yenye projekta. DIT, chuo cha teknolojia pale Dar, pia. Ukifika ngazi ya uhandisi kuna mpango wa ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, wa kuwasimamia wahandisi wachanga, SEAP, na kuna tawi la wanawake ndani ya chama cha wahandisi, IET. Jiunge hata ukiwa fundi, nenda kwenye mikutano yao, kaa karibu na wale wenye buti chafu.

Ila kesho asubuhi usianze na hivyo vyote. Nunua daftari gumu. Rudi kwa yule mkandarasi, au kwa mwingine, mwenye leseni, mwambie sitaki mshahara mwezi wa kwanza nataka nauli na kiti kwenye gari, na nataka unisainie kila kazi niliyofanya. Mwezi mmoja tu, usizidishe, maana kuna watu wakizoea bure hawalipi tena. Kila siku unaandika: tarehe, kijiji, kazi gani, nimeshika nini, nani alinisimamia, saini. Wakikurudisha stoo, ikubali stoo kwa nusu siku na uijue vizuri, mtu wa stoo anajua vikombe vimetoka vingapi na vimefungwa vingapi, anajua siri za saiti kuliko injinia, ila mchana uwe kwenye gari. Ukikataliwa kabisa, muombe fundi mmoja mtu mzima, sio bosi, fundi. Hao wakikukubali wanakufundisha mpaka wanakuchosha.

Na ukurasa wa kwanza wa hilo daftari uwe wa mjomba. Friji inayopiga shoti mara nyingi ni athi haipo au imekatika sehemu, umeme unaovuja kwenye bodi ya friji, lile chuma la nje, hauna pa kwenda, unakusubiri wewe ushike mlango ukiwa peku kwenye sakafu yenye maji. Chomoa friji kwanza. Zima mainswichi, alafu hakikisha kwa multimita kwamba haina moto, sio kwa ile testa ya bisibisi, ile inadanganya na inaua. Fungua soketi, angalia waya wa athi kama umefungwa au umekunjwa tu nyuma, na hapa mdogo wangu usinichukie, anza na ile soketi uliyoitengeneza wewe. Alafu fuata mpaka kwenye ubao, mpaka kwenye rodi nje, ile fimbo ya chuma iliyozamishwa ardhini, nyumba nyingi za zamani rodi ipo ila waya uliuzwa na watoto kwa mnunua vyuma. Kama athi ni nzima, ipime friji yenyewe kwa mega, volti 500, kati ya laini na bodi, ikisoma chini ya megaohm 1 tatizo liko ndani ya friji, muachie fundi friji. Na kama ubao wao hauna ile breka inayokata umeme ukivuja, muandikie mjomba bei yake.

Muandikie na ya ile soketi ya kwanza, kwenye risiti moja. Akilipa akusainie.